Pengo Mbele ya Kisima

Kisima kipo uani kwangu, na kwa sababu hiyo nyumba yetu haikuwahi kujua kimya. Visima vingine vya mtaa wetu wa pwani, hapa Kivinje, maji yake ni ya kufulia na kuoshea vyombo. Ukipikia chai utadhani umekosea kopo ukatia chumvi badala ya sukari. Cha kwetu kilikuwa na maji matamu. Alfajiri watu hawajatoka msikitini ndoo ya kwanza imeshazama, na ya mwisho ilikuwa ya mama mmoja jirani ambaye siku zote alikumbuka maji wakati sufuria iko motoni. Waliingia wakateka, wakasema ya kwao, wakasema ya wenzao, wakatoka. Mume wangu alikuwa akisema nyumba yake ni soko lisilouza kitu.

Mimi nimezaliwa Njinjo, huko ndani, kwa watu wa jembe. Nilipoolewa huku wanawake walinicheka mpaka wakachoka. Kiswahili changu kilikuwa na Kimatumbi ndani yake, pweza nilimshika kwa ncha za vidole, na bahari nilikuwa siisogelei. Kilichonipatanisha nao ni kisima. Mke wa mwenye kisima humnunii, maana kesho utakuja na ndoo mkononi. Mungu hakutujalia mtoto, na nasema bila haya kwamba zile ndoo ndizo zilizonifanya nikawa mwenyeji. Nilijua nani kajifungua, nani kaachika, nani kapika nini, na mimi nilijulikana. Siku nikiumwa walikuwa wanajua kabla ya mume wangu.

Zamani, kati ya nyumba yetu na maji palikuwa na mivinje na minazi, na kiwanja watoto walipochezea mpira. Bahari ikala kiwanja. Ikala mivinje. Ikaanza minazi, mizizi ikabaki inaning'inia ukingoni, na kila bamvua, yaani yale maji makuu ya mwezi mpevu na mwezi mwandamo, mnazi mmoja ukalala. Watu wanapenda kusema dunia imebadilika. Kweli imebadilika, lakini na sisi tusijifanye watakatifu. Mchanga wa ufukweni tuliuchota kwa magari tukajengea. Mikoko tukaikata boriti. Matumbawe, yale mawe ya baharini yanayolivunja wimbi likiwa bado mbali, tuliyabomoa tukayachoma tupate chokaa ya kupaka kuta. Kuta za nyumba yangu ni nyeupe kwa chokaa hiyo hiyo. Halafu tukakaa barazani tunashangaa wimbi limefikaje mlangoni.

Mtaa ulipozinduka ukaunda kikundi. Mwenyekiti wake alikuwa shemeji yangu, mdogo wa mume wangu, mtu wa bidii asiyejua kukaa kitako. Walikubaliana kwamba mchanga wa ufukweni hauguswi tena. Mchanga uletwe kwa guta, ile pikipiki ya mizigo ya magurudumu matatu, kutoka juu, ujazwe kwenye viroba, viroba vipangwe ukingoni. Mbele yake yapigiliwe magogo ya ile minazi iliyoanguka, na nyuma yapangwe mawe ya machimboni. Ukuta wa maskini, lakini ni ukuta. Walianzia upande wa wauza samaki wakawa wanakuja kwetu polepole. Mume wangu alikuwa anajaza viroba kila siku baada ya swala ya alasiri, anarudi na mchanga hata masikioni. Kisha akaugua kifua, tukamlaza hospitali, akarudi nyumbani amebebwa. Zaidi ya hapo sitaki kusema.

Nikakaa eda. Asiyejua ajue: mke aliyefiwa hukaa ndani ya nyumba ya mumewe miezi minne na siku kumi. Hajipambi, hatoki ila kwa dharura, na wanaume wasio maharimu zake, yaani wanaoweza kumwoa, hawamwoni. Eda sikuigombea. Nilikuwa na huzuni, na huzuni inataka mahali pa kukaa. Wifi yangu, dada mkubwa wa marehemu, alihamia kwangu kuniangalia, akaja na godoro lake, tasbihi yake na amri zake.

Shida ilikuwa uani. Uani kwetu kunatazamana na bahari, na ua wa zamani ulishabebwa na maji. Choo kiko uani, bafu liko uani, kisima kiko uani, na mjane naye ni mtu, hawezi kukaa chumbani kutwa kama sahani za wageni. Basi siku zile zile za matanga wanaume wa kikundi, kwa kumpenda mwenzao aliyetangulia, wakakata fito, wakashona makuti, wakanijengea ua mpya ukingoni kabisa, kona hadi kona. Nilipouona nililia. Niliwaombea dua kila mmoja, na nilikuwa namaanisha.

Ukuta ukaendelea kuja. Niliusikia kabla sijauona: nyundo ikigonga magogo, guta likinguruma, wanaume wakitaniana. Ukafika nyumba ya jirani yangu wa kushoto. Nikajisemea, kesho ni zamu yangu. Kesho yake nyundo nikaisikia, lakini upande wa kulia. Nikadhani ni masikio. Nikaenda kwenye ua nikalitenga kuti kwa vidole, nikachungulia. Ukuta ulikuja mpaka kwenye kona ya ua wangu ukakoma. Ulianzia tena kwenye kona ya pili ukaenda zake. Katikati, mbele ya kisima, hapakuwa na kiroba hata kimoja, ila makuti yangu tu.

Nilimwita wifi nikamwonyesha. Hakushangaa, alikuwa anajua. Akanieleza kama mtu anayemweleza mtoto: ua umekaa mahali penyewe pa ukuta, ili wapigilie magogo na kupanga mawe ni lazima waung'oe, na wakiung'oa nitaonekana. Kazi yenyewe ni ya siku nyingi. Kwa hiyo wameamua kuruka, watamalizia nikishatoka eda. Nilimwambia nitajifungia chumba cha ndani mpaka wamalize. Akaniuliza chooni nitakwenda kwa mabawa? Nikamwambia nitatumia ndoo. Akavuta astaghfirullahi ndefu, akasema watu watasema udongo wa kaburi la mdogo wake haujakauka na mjane wake ameshaanza kuita wanaume uani.

Kila mtoto wa Kiswahili anaijua methali ya ufa na ukuta. Wenzangu waliipita akili: walijenga ukuta, wakauacha ufa, tena kwa adabu zote. Nilikasirika sana. Lakini ukimkasirikia mtu aliyekukosea una pa kuanzia. Hawa walikuwa wananiheshimu, na pa kuanzia sikupaona.

Ijumaa shemeji alikuja kunijulia hali. Alikaa chumba cha mbele, mimi nyuma ya pazia, maana shemeji naye si maharimu. Alinipa salamu za mtaa, akauliza kama kuna kilichopungua jikoni. Mimi sikuzunguka mbuyu. Nilimwambia pengo lile liko sawasawa na kisima, kwamba ukuta ukishasimama pande zote maji yatatafuta penye mwanya, na mwanya ni mimi.

"Shemeji," nikamwambia, "bahari haikai eda."

Nikasikia anakuna ndevu. "Najua," akasema. "Lakini nilimwahidi kaka nitakusitiri. Leo niende nikamvulie mke wake ua mchana kweupe? Vumilia kidogo tu."

Tatizo langu jingine ni kwamba sauti yake ni ya mume wangu. Kwa sura hawafanani hata kidogo, lakini nyuma ya pazia ilikuwa kama marehemu mwenyewe amekaa kitini ananiambia nivumilie. Maneno makali niliyokuwa nimeyaweka tayari yalinikauka. Nikamjibu haya, nikaenda kulala mchana, kitu ambacho sijawahi kukipenda.

Nilimtuma wifi akamuulize shehe wa msikiti wetu kama dini ina ruhusa. Alirudi akasema shehe yupo Lindi kwenye msiba. Siku nyingine nikamkumbusha, akasema mambo hayo shemeji atakuwa ameshayauliza, yeye si ndiye mwenyekiti? Nikabaki nangojea. Mtu wa eda anaishi kwa miguu ya wengine, na miguu ya wengine ina safari zake.

Wanawake waliokuja kuteka maji ndio walionielewa, kwa kuwa kisima ni chao. Mama yule wa sufuria motoni akasema, wanaume wakiona haya sisi tuna haya gani? Wakaleta viroba vitupu. Wakapata mchanga wa guta, wakaumwaga uani kwangu, na mimi nikajaza nao, nimekaa chini na nguo zangu nyeupe, nachota kwa kopo la mchele. Siku ile nilicheka kwa mara ya kwanza tangu msiba. Maji yalipokupwa wakatoka nje ya ua wakavipanga kwenye pengo, safu juu ya safu, wakarudi wamejishika viuno. Wifi hakusaidia, lakini alipika uji wa kila mtu, na kwa wifi yangu hiyo ni kura.

Magogo ndiyo hatukuweza. Kupigilia gogo la mnazi mpaka lisimame kunataka wanaume wanne na nyundo ya chuma, na viroba visivyo na magogo mbele ni mito ya kulalia. Bamvua iliyofuata ilivibeba vyote bila hata kelele. Asubuhi nilichungulia nikaona mchanga mtupu, umelainika vizuri, kama umefagiliwa. Kiroba kimoja kiliokotwa kule kwa wauza samaki, na watu wakatutania kwamba akina mama wameanza kusafirisha mizigo. Nami nilitaniwa kupitia mlangoni, nikajibu kwa utani, kisha nikarudi chumbani nikakaa nimeuelekea ukuta.

Ndugu yangu wa Njinjo alikuwa akinipigia simu. Alisema eda ikiisha nirudi, shamba lipo, nyumba ya mama ipo, bahari ya watu niwaachie wenyewe. Nilimwuliza nitarudi kuwa nani. Huko nilikotoka, wenzangu wote wana wajukuu na jina la mama fulani. Huku nina kisima. Akasema kisima si mtoto. Nikamjibu watoto wangapi wanakuja kumwona mama yao alfajiri, adhuhuri na jioni? Mimi nilipokata simu nilianza kuogopa, kwa sababu nilikuwa nimejisikia nikisema kwa sauti kwamba kisima ndicho pekee nilichonacho.

Usiku wa kulala ukawa mfupi. Nilijifunza kuisikiliza bahari, mimi niliyekuwa siisogelei. Maji yakijaa niliyasikia yanagonga viroba kushoto, yanagonga viroba kulia, na katikati hayagongi, yanapita tu, yanalamba chini ya makuti. Kila asubuhi kitu cha kwanza nilikwenda kisimani, nikateka kidogo, nikaonja. Yalikuwa matamu. Nikasema alhamdulillahi, nikawangojea wenye ndoo.

Kisha redio zikaanza kutangaza upepo mkali. Vyombo visitoke, watu wa pwani wachukue tahadhari. Walivuta mashua juu, wakafunga mabati kwa kamba na mawe. Kwa bahati mbaya upepo ule ulikuja pamoja na bamvua. Nilimwambia wifi, mwite shemeji, leo waje, ua waung'oe, mimi nitavaa hata gunia kichwani. Akaenda kweli, nilimwona anavyokwenda mbio na miguu yake mibovu. Alirudi akasema shemeji yuko upande wa pili wanaimarisha ukuta, na atakuja maji yakishakupwa.

Maji hayakungoja kukupwa. Yalijaa asubuhi ile mpaka tukakosa pa kuyaelekeza macho. Mvua ilikuwa inakuja kwa ubavu. Nilikuwa nimesimama dirishani na tasbihi ya wifi mkononi, sijui niliitwaa saa ngapi, nikaona ua wangu unainama kama mtu anayerukuu. Haukuinuka. Wimbi lililofuata liliuchukua mzima, makuti, fito na yote, na nyuma yake nikaiona bahari yote niliyokuwa nimefichwa nisiione, imesimama juu kuliko uwanja wetu. Ukuta wa kushoto ulikuwa umesimama. Wa kulia umesimama. Maji yote yaliyokataliwa huku na huku yalikuwa yanakuja katikati.

Na wanaume walikuja, nisiwasingizie. Walikuja wakikimbia kutoka pande zote mbili, wana viroba mabegani, shemeji mbele. Walipofika kwenye ncha za ukuta waliuona ua haupo, wakaniona mimi dirishani, wakasimama. Kisha wote, kama askari waliopewa amri, wakanipa migongo. Watu wazima, mvua inawapiga, maji magotini, viroba mabegani, wanatazama upande usio na kitu ili wasimwone mjane.

Nikatoka. Wifi alinishika nguo, ikachanika, nikatoka hivyo hivyo. Maji ya uani yalikuwa yamepita vifundo na yalikuwa yanavuta. Niliona mdomo wa kisima bado uko juu ya maji kwa kiasi cha kiganja. Nikapaza sauti kuliko nilivyowahi kupaza maishani mwangu.

"Geukeni! Mimi ni mjane, si mwari!"

Hakuna aliyegeuka. Walimtazama shemeji. Shemeji, mgongo umenielekea, akasema kwa sauti ile ile ya mume wangu, "Rudi ndani, shemeji. Ukiingia tu, na sisi tunaingia."

"Ndani ndiko maji yalikokwenda," nikamwambia. Na kweli yalikuwa yameshavuka kizingiti, godoro la wifi linaelea.

Basi tukakaa hivyo. Mimi siwezi kurudi, wao hawawezi kugeuka, na bahari katikati yetu inapita inavyotaka. Nikienda mbele nilikuwa nawakimbilia wanaume. Nikirudi nyuma nilikuwa naingia nyumba iliyojaa maji. Sikuwahi kuwachukia watu wanaonipenda ila siku hiyo.

Wanawake ndio walioikata kesi. Walikuja kutoka mlango wa mbele, yule wa sufuria na wenzake, na mashuka. Hawakuniuliza. Walinizunguka, wakayashika mashuka juu kwa pande zote nne, nikawa katikati kwenye chumba cha nguo. Ni vile vile wanavyoshika shuka juu ya kaburi wakati maiti ya mwanamke inashushwa. Wakapaza sauti, haya, ameshasitirika, ingieni. Ndipo nikawasikia wanaume wanakuja.

Niliwasikia tu. Kutoka mle ndani sikuona kitu zaidi ya maua ya shuka na vidole vya wenzangu. Nilisikia viroba vikitupwa, nilisikia shemeji akitoa amri, nilisikia nyundo. Walifanya kazi ya wanaume kumi kila mmoja, nawapa haki yao. Lakini nilisikia na kitu kingine nyuma yangu. Nilikisikia kisima kinakunywa. Maji yakiingia kisimani kutoka juu yana sauti yake, kama mtu mzima anayegugumia kwa kiu, na sauti ile haikuwa inakoma. Niliwaambia wanawake nifungulieni nikakifunike. Wakanibana zaidi. Wakasema subiri, shoga, bado kidogo. Nikakaa mle, maji magotini, nasikiliza.

Walipomaliza pengo lilikuwa limezibwa. Bahari ikakupwa adhuhuri. Wanaume wakaondoka kwa kupita nje, hakuna hata mmoja aliyeniona, na nasikia walijisifu kwa hilo. Wanawake waliposhusha mashuka nilikwenda moja kwa moja kisimani, nikateka, nikaonja, nikatema. Nikamwaga, nikateka tena. Yule mama akanipokea ndoo akaonja na yeye. Alinifuta uso kwa kanga yake, akaokota ndoo yake tupu akaenda zake.

Walijaribu. Shemeji alikodi pampu ya petroli, ikapitishiwa mpira juu ya ukuta, nami nimefungiwa chumbani na pazia mbili. Wakayavuta maji yote mpaka ikabaki matope, wakangoja, yakarudi. Chumvi. Wakavuta tena, yakarudi, chumvi. Chini kule mchanga wote ulishakunywa bahari. Wazee walisema labda masika mbili tatu zitaosha, wallahu a'lam. Wifi akanipooza kwamba maji yakimwagika hayazoleki. Nikamwambia hayakumwagika, yaliingizwa. Hatukusemeshana mpaka siku ya pili.

Shehe alikuja baada ya hapo kunipa pole. Aliongea na mimi akiwa nje ya dirisha, mtu mpole, anasikitika kweli. Akauliza kwa nini hatukumwuliza mapema. Hofu ya kuharibikiwa na nyumba ni dharura, akasema, ningeweza kuhamia hata kwa wifi na eda yangu ingebaki sahihi, wao wakafanya kazi yao wakamaliza. Wifi alidhani shemeji aliuliza. Shemeji alidhani wifi aliuliza. Kikundi kizima kilidhani jambo linalofanywa kwa heshima kubwa namna ile haliwezi kuwa halijaulizwa. Nilimshukuru shehe, nikafunga dirisha, nikang'ata mto.

Siku zilizobaki za eda sizielezi vizuri, kwa kuwa hazikuwa na kitu ndani yake. Maji mtaa ulianza kununua kwa madumu kwenye guta linalopita barabara ya juu, mbali na kwangu. Siku za kwanza wanawake walipita kunisalimu, na mikono mitupu. Mtu wa pwani akiingia nyumba ya mtu bila shughuli anaona kama anachungulia, basi wakawa hawakai. Wakapunguza. Sikuwalaumu, kila mmoja ana chungu chake na wanawe. Yule wa sufuria motoni alidumu kuliko wengine, akiniletea habari zilizokwisha poa. Uani kukawa safi sana, hakuna matope, hakuna mtu. Nilizoea kufagia nyayo za watu kila jioni, na sasa nilikuwa nafagia za kwangu.

Ukuta walikuja kuumalizia kwa mawe na magogo, mzuri kuliko sehemu nyingine zote. Waliupandisha juu, kwa ajili yangu, ili niwe na sitara hata baada ya eda. Siku hizi nikisimama uani sioni bahari wala pwani wala mtu apitaye. Naona viroba.

Eda ikaisha. Kwetu mjane akitoka eda huogeshwa, akavishwa nguo mpya, wanawake wakala pamoja naye. Wakaja, Mungu awabariki, na udi, na kanga mpya, na sinia la wali. Ilipofika kuoga tukatazamana. Nyumba iliyowanywesha watu wa mtaa mzima haikuwa na maji ya kumwogeshea mwenyewe. Wifi akasema asiwe na wasiwasi mtu, shemeji ameshaagizwa. Akaja na madumu ya manjano, ameyasukuma mwenyewe kwenye mkokoteni, akayapanga nje ya mlango wa mbele, akajitenga. Nikaogeshwa kwa maji ya kununua. Yalikuwa ya baridi na matamu, na nililia ndani yake, wakadhani namlilia mume wangu. Nilikuwa namlilia na yeye.

Nilipokwisha kuvaa nilitoka mbele, nikakaa barazani, uso wazi, kwa mara ya kwanza. Shemeji alikuwa bado yupo, anangojea madumu yake kwa kuwa aliyaazima. Nikamwona. Amekonda, amezeeka ndevu. Akanipa mkono wa pole na wa heri kwa pamoja, macho chini. Nikamwambia aingie ndani, wali upo, sasa ni ruksa. Akatazama mlango, akatazama barabara. Akasema atakuja, inshallah, siku nyingine, leo ana haraka kidogo. Wale wanawake nao walikuwa wameshaanza kufunga vyombo.

"Mlinisitiri, shemeji," nikamwambia. "Mmenisitiri mpaka hakuna tena anayeniona."

Aliingia mpaka uani nilikoogeshewa, akapita karibu na kisima bila kukitazama, akayakusanya madumu matupu moja moja, akayafunga kwenye mkokoteni kwa kamba. Aliaga akiwa ameshanipa mgongo, akaondoka.